Uamuzi Huu Unamfunga Nani? Mwongozo Kamili wa Kutumia Hukumu za Nyuma, Kuanzia Dar es Salaam hadi Paris

Wakili anataja kesi tatu za Uingereza, mbili za India na moja ya Mahakama Kuu ya kanda nyingine. Jaji anaandika. Mteja aliyekaa benchi la nyuma anatikisa kichwa, anaona mambo yamekwisha. Kumbe katika zote sita hakuna hata moja inayomlazimisha jaji yule kufanya lolote. Upande wa pili anasimama wakili kijana na kesi moja tu ya Mahakama ya Rufani, kurasa tisa, na hiyo ndiyo inayoamua shauri.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sheria, msaidizi wa kisheria, mwandishi wa habari za mahakamani, na mtu anayejisimamia mwenyewe kwa kukosa fedha za wakili. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya, lakini tutavuka mpaka, kwa sababu jirani zetu wa Kongo na Burundi wanaisoma hukumu kwa namna nyingine kabisa, na kadhi wa Mombasa naye ana yake.

Maneno machache kwanza. Hukumu ya nyuma inayotumika kuamua kesi mpya nitaiita hukumu elekezi. Sababu ya kisheria iliyoubeba uamuzi nitaiita kiini. Aliyoyasema jaji njiani bila kuyahitaji ili kufikia uamuzi nitayaita maneno ya kando. Mawakili husema "ratio" na "obita". Ni hayo hayo.

Hatua ya 1: Jua umesimama kwenye mfumo gani

Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi mfumo wa Kiingereza, ambamo hukumu ya mahakama ya juu ni sheria kwa mahakama za chini. Urithi huo una tarehe. Kwa Tanzania Bara ni 22 Julai 1920, imeandikwa kwenye kifungu cha 2(3) cha Sura ya 358 ya sheria zetu. Kwa Kenya ni 12 Agosti 1897, kwenye kifungu cha 3 cha Sura ya 8. Hukumu ya London iliyotolewa baada ya tarehe hiyo, hata ikiwa nzuri namna gani, huku kwetu inashawishi tu.

Kongo na Burundi zilirithi mfumo wa Kibelgiji, ambao ni mtoto wa Kifaransa. Huko sheria inaanzia kwenye kitabu cha sheria, na hukumu inakuja kama tafsiri yake. Rwanda ilitokea huko huko, ila imekuwa ikisogea upande wa Kiingereza. Mwaka 2009 ilijiunga na Jumuiya ya Madola.

Usidhani basi kwamba upande mmoja majaji hutazama hukumu za nyuma na upande wa pili hawazitazami. Wote hutazama. Tofauti iko katika kile jaji anachoruhusiwa kukiri kwamba kimemfunga.

Hatua ya 2: Chora ngazi ya mahakama kwenye karatasi

Chukua karatasi, uchore kweli. Tanzania Bara: Mahakama ya Mwanzo chini, juu yake Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, halafu Mahakama Kuu, na kileleni Mahakama ya Rufani. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake, na rufani zake nyingi huishia kwenye Mahakama hiyo hiyo ya Rufani. Kenya: mahakama za mahakimu, Mahakama Kuu na zile zenye hadhi sawa nayo, Mahakama ya Rufaa, kisha Mahakama ya Juu.

Weka alama mahali kesi yako ilipo. Hukumu iliyotoka ngazi ya juu kwenye mstari wako inakufunga. Iliyotoka ngazi sawa inastahili heshima. Iliyotoka chini au nje ya nchi ni ya kushawishi.

Kwa Tanzania, kesi ya kuikariri ni Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania dhidi ya Kiwanda cha Uchapishaji cha Taifa, [1988] TLR 146, ambayo mawakili huiita JUWATA dhidi ya KIUTA. Mahakama ya Rufani ilisema mambo mawili makubwa. Kwanza, mahakama na mabaraza yote yaliyo chini yake yanafungwa na maamuzi yake, yawe sahihi au yawe na makosa. Hakimu anayeona Mahakama ya Rufani imekosea anaruhusiwa kulisema hilo kwa adabu, kisha anafuata. Pili, Mahakama yenyewe kwa kawaida hufuata maamuzi yake, lakini inaweza kuyaacha pale inapoona ni haki kufanya hivyo.

Hilo la pili lilisafiri mbali kabla ya kufika Dar es Salaam. Mwaka 1898, katika kesi ya London Tramways, mabwana wa juu wa sheria Uingereza, waliokuwa mahakama ya juu kabisa ya huko wakati ule, walijifunga kwamba hawataweza kuacha hukumu zao wenyewe; wakikosea, Bunge ndilo litakalosahihisha. Walikaa hivyo hadi Julai 1966, Lord Gardiner aliposoma tamko kwamba sasa wataweza. Miaka minne baadaye Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikaupokea msimamo huo katika Dodhia dhidi ya National & Grindlays Bank, [1970] EA 195. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, Tanzania ikaanzisha Mahakama yake ya Rufani 1979, na mwaka 1988 msimamo ukaingia ndani ya JUWATA. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema hukumu elekezi ni ukuta usiosogezwa, mwonyeshe njia hiyo: hata kanuni inayoongoza hukumu za nyuma ilibadilishwa na majaji wenyewe.

Kenya wameliandika jambo hili kwenye Katiba. Ibara ya 163(7) ya Katiba ya 2010 inasema mahakama zote, isipokuwa Mahakama ya Juu yenyewe, zinafungwa na maamuzi ya Mahakama ya Juu. Hakuna la kubishana.

Na jaji wa Mahakama Kuu dhidi ya mwenzake wa Mahakama Kuu? Hafungwi. Ila katika Ally Linus na wenzake 11 dhidi ya Mamlaka ya Bandari, [1998] TLR 5, ilielezwa kwamba jaji asipingane kirahisi na maoni ya wenzake yaliyofikiriwa vizuri, na kwamba hilo ni wajibu wa kazi, si adabu tu. Basi ukiwa na hukumu ya Mahakama Kuu Mwanza na uko Mahakama Kuu Arusha, itumie, lakini usimwambie jaji "umefungwa". Atakukumbusha.

Hatua ya 3: Itafute, uisome yote, uhakikishe ipo

Siku hizi kuipata si kazi. TanzLII kwa Tanzania, Kenya Law kwa Kenya, ULII kwa Uganda. Zote bure mtandaoni. Jifunze kusoma rejea. "[1980] TLR 250" maana yake ni kitabu cha taarifa za kesi Tanzania cha mwaka 1980, ukurasa wa 250. "EA" ni taarifa za Afrika Mashariki. Rejea mpya huwa na jina la mahakama ndani yake: TZCA ni Mahakama ya Rufani Tanzania, TZHC ni Mahakama Kuu, KESC ni Mahakama ya Juu ya Kenya, KECA ni Mahakama ya Rufaa ya Kenya. Kwa kutazama herufi hizo tu unajua ngazi kabla hujafungua faili.

Nasisitiza uisome yote. Aya iliyonakiliwa kutoka hukumu nyingine iliyonakili hukumu ya tatu mara nyingi imeshakatwa masharti yake njiani. Na hakikisha kesi ipo duniani. Mwaka 2023 huko New York, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, mawakili walipeleka mahakamani kesi ambazo programu ya akili bandia ilikuwa imezitunga tu, wakatozwa faini ya dola 5,000. Fedha ile ilikuwa nafuu kuliko aibu.

Hatua ya 4: Chimba kiini

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapotelea.

Hukumu ina matukio, hoja za pande mbili, swali lililoulizwa, jibu, sababu za jibu, na amri. Kinachofunga ni ile sababu ambayo ukiiondoa, jibu linaanguka. Andika sentensi moja kwa maneno yako: "Kwa kuwa matukio yalikuwa haya na haya, mahakama iliamua hivi, kwa sababu hii." Kisha anza kuifuta kipande kwa kipande. Kipande ukikifuta na uamuzi ukabaki umesimama, hicho si kiini. Kama sentensi yako inafika aya nzima, bado hujakipata.

Tazama yaliyotokea Kenya. Tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliamua katika Francis Karioko Muruatetu dhidi ya Jamhuri kwamba ulazima wa adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji, uliomo kwenye kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, unakwenda kinyume na Katiba. Soma kwa makini: ulazima, si adhabu yenyewe. Kosa lilikuwa kumnyima jaji nafasi ya kusikiliza utetezi wa mshtakiwa kuhusu adhabu na kupima inayomfaa.

Wafungwa wakaanza kurudi mahakamani. Mahakama zikajiuliza: ikiwa ulazima ni mbaya kwa mauaji, kwa nini uwe mzuri kwa wizi wa mabavu, ambao nao adhabu yake ni kifo? Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ikakubali hoja hiyo katika William Okungu Kittiny. Wengine wakaenda mbele zaidi, hadi kwenye vifungo vya chini vilivyowekwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006. Adhabu zikapunguzwa huku na kule.

Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo: hukumu ya Muruatetu inahusu mauaji peke yake. Anayetaka kupinga adhabu ya kosa jingine afungue shauri lake na alipandishe ngazi kwa utaratibu. Na tarehe 12 Julai 2024, katika Jamhuri dhidi ya Joshua Gichuki Mwangi, ikasema Mahakama ya Rufaa ilikosea kushuka chini ya kifungo cha chini kilichowekwa na Bunge. Miaka 20 iliyokuwa imepunguzwa hadi 15 ikarudishwa.

Nani alikosea? Kwa maoni yangu mahakama za chini hazikuwa za kubezwa. Hoja ya 2017 iliandikwa kwa upana, na mtu akiifuata kwa mantiki anafika pale zilipofika. Lakini swali lililokuwa mbele ya Mahakama ya Juu lilikuwa kifungu cha 204, na kiini hupimwa kwa swali lililoulizwa. Upana wa lugha hauongezi upana wa uamuzi. Ukiandika sentensi yako ya kiini, kitaje kifungu cha sheria kwa namba. Ungefanya hivyo 2018, ungeona mapema kwamba daraja la kwenda kwenye wizi wa mabavu lilikuwa halijajengwa bado.

Maneno ya kando nayo usiyatupe. Mwaka 1963 mabwana wa sheria wa Uingereza waliamua kesi ya Hedley Byrne dhidi ya Heller. Benki ilikuwa imetoa taarifa isiyo sahihi kuhusu hali ya mteja wake, aliyeitegemea akapata hasara. Benki ilishinda, kwa kuwa ilikuwa imeandika wazi kwamba haibebi dhamana ya taarifa hiyo. Kwa hiyo yote waliyoyasema majaji kuhusu wajibu wa mtu anayetoa taarifa kwa uzembe hayakuhitajika. Hata hivyo ndiyo yaliyokuja kujenga eneo zima la sheria. Maneno ya kando ya mahakama kubwa yana uzito. Yataje, ila yaite kwa jina lake.

Hatua ya 5: Linganisha matukio, kisha jiulize adui yako atasema nini

Chukua mfano wa kubuni. Nyumba imevamiwa saa tano usiku. Mwenye nyumba anasema alimtambua mvamizi mmoja kwa mwanga wa taa ya sola, ni kijana wa mtaa wa pili anayemfahamu miaka mingi.

Kila wakili wa jinai Tanzania atafungua Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, [1980] TLR 250. Kiini chake: ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, mahakama isiutegemee mpaka iwe imeondoa kila uwezekano wa kumfananisha. Ipime muda shahidi aliomtazama mtu huyo, umbali, mwanga, na kama aliwahi kumwona kabla. Onyo hili halikuzaliwa 1980. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishalitoa katika Abdallah bin Wendo mwaka 1953, na Waingereza wakaweka lao katika Turnbull mwaka 1976.

Upande wa mashtaka utasema: Waziri Amani haitusumbui, shahidi anamfahamu mtu huyu tangu zamani. Utetezi utajibu kwa Issa Mgara @ Shuka dhidi ya Jamhuri, Rufani ya Jinai Na. 37 ya 2005: hata pale mtu anapodai kumtambua anayemjua, lazima aeleze chanzo cha mwanga na ukali wake. "Kulikuwa na taa" haitoshi. Ilikuwa wapi, ilimulika eneo kubwa kiasi gani, mvamizi alisimama upande gani? Mashtaka yatarudi na Marwa Wangiti Mwita, [2002] TLR 39: shahidi aliyemtaja mtuhumiwa mara ya kwanza alipopata nafasi anaaminika zaidi. Je, aliwatajia majirani waliokuja kwa kelele za mwizi, au alikaa siku tatu kabla ya kumtaja polisi?

Unaona kwamba kesi haishindwi kwa kuwa na hukumu nzuri tu. Pande zote mbili wana hukumu za Mahakama ya Rufani, zote zinafunga, wala hazigombani. Ushindi uko kwenye matukio madogo: taa, umbali, jina lililotajwa usiku ule ule. Fanya jedwali la safu mbili, matukio ya kesi ya zamani na ya kwako. Tofauti utakayoiona iulize: je, inagusa sababu ya uamuzi? Uvamizi ungekuwa wa saa nne asubuhi, sababu ya tahadhari ile ingepungua nguvu, na hapo kuitofautisha Waziri Amani kungekuwa na maana. Kwamba ile ilikuwa ya 1980 na yako ni ya juzi hakugusi kitu.

Hatua ya 6: Angalia kama bado iko hai

Hukumu inaweza kufa kwa njia tatu, nawe usije ukasimama na maiti.

Inaweza kutenguliwa kwenye rufani yake yenyewe. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Dodoma aliamua kwamba adhabu ya kifo ni kinyume cha Katiba ya Tanzania. Hukumu yake imeandikwa vizuri, wanafunzi huipenda na kuinukuu. Lakini mwaka uliofuata, katika Mbushuu dhidi ya Jamhuri, [1995] TLR 97, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kudhalilisha, kisha ikasema inaokolewa na ibara ya 30(2) ya Katiba. Anayenukuu ya 1994 bila kutaja ya 1995 anaipotosha mahakama.

Inaweza kuachwa baadaye na kesi nyingine. Marekani ndiko mifano inakojulikana: Plessy dhidi ya Ferguson ya 1896, iliyoruhusu ubaguzi wa rangi kwa jina la "tofauti lakini sawa", ilidumu miaka 58 hadi Brown ya 1954 kuhusu shule. Roe ya 1973 kuhusu utoaji mimba ilidumu miaka 49 hadi Dobbs ya 2022.

Na inaweza kuuawa na Bunge. Mwaka 1942 jeshi la Uingereza liliharibu mitambo ya mafuta Burma isiangukie mikononi mwa Wajapani. Kampuni ya Burmah Oil ikadai fidia, ikashinda mwaka 1964. Mwaka 1965 Bunge likapitisha sheria iliyofuta haki hiyo, na likairudisha nyuma hadi kwenye vita yenyewe. Kwa hiyo kila ukipata hukumu inayotafsiri kifungu cha sheria, fungua kifungu hicho kama kilivyo leo. Marekebisho hupita kimya.

Hatua ya 7: Hukumu mbili za ngazi moja zikigongana

Hutokea, hasa kwa mahakama inayoamua rufani nyingi kwa majopo ya majaji watatu watatu katika miji tofauti. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa njia katika Arcopar (O.M.) S.A. dhidi ya Herbert Marwa na wenzake, Maombi ya Madai Na. 94 ya 2013: ifuatwe iliyo ya karibuni zaidi, isipokuwa ionyeshwe kwamba haistahili kufuatwa. Mgongano mkubwa hupelekwa kwenye jopo pana, na uamuzi wa jopo pana utafute kwanza kabla ya kuhesabu tarehe.

Uingereza, Mahakama ya Rufani yao ilijiwekea milango mitatu mwaka 1944 katika Young dhidi ya Bristol Aeroplane: inachagua kati ya hukumu zake mbili zinazogongana; inaacha hukumu yake isiyopatana na ya mahakama iliyo juu yake; na inaacha iliyotolewa kwa kupitiwa, yaani majaji hawakuonyeshwa sheria au hukumu iliyowafunga. Mlango huo wa tatu mawakili wanaupenda mno. Kumbuka unafunguliwa na mahakama yenyewe au iliyo juu yake. Mwaka 1972, katika Cassell dhidi ya Broome, Lord Hailsham aliikemea hadharani Mahakama ya Rufani kwa kuiambia mahakama iliyo juu yake kwamba ilipitiwa.

Hatua ya 8: Ukiwa Lubumbashi, Bujumbura au Paris

Geuza utaratibu. Anza na kifungu cha kitabu cha sheria, kisha tafuta mahakama ya juu inakitafsiri vipi mfululizo.

Ibara ya 5 ya kitabu cha sheria za kiraia cha Ufaransa, kilichotoka 1804, inamkataza jaji kutoa kanuni ya jumla anapoamua kesi iliyo mbele yake. Ilikuwa na sababu: kabla ya Mapinduzi mahakama kuu za kifalme zilikuwa zikitoa amri kama watunga sheria, na watu walizichoka. Kwa karne mbili hukumu za Cour de cassation, mahakama yao ya juu ya kesi za kiraia na jinai, zikawa fupi ajabu, pengine ukurasa mmoja, sentensi moja ndefu, bila kutaja hukumu yoyote ya nyuma. Mtindo huo wa sentensi moja uliachwa mwaka 2019 tu.

Na bado sehemu kubwa ya sheria ya Ufaransa imetengenezwa na majaji. Sheria yao ya utawala inahesabu mwanzo wake kwenye uamuzi wa Blanco wa 8 Februari 1873, uliotokana na mtoto aliyegongwa na toroli la kiwanda cha tumbaku cha serikali huko Bordeaux. Mwaka 1930, katika Jand'heur, baada ya binti kugongwa na lori, majaji walichukua kipande kifupi cha ibara ya 1384 kuhusu vitu alivyonavyo mtu na kukigeuza kuwa dhamana ya mwenye gari hata bila kuthibitishwa uzembe wake. Ajali za barabarani zilitegemea tafsiri hiyo hadi sheria maalumu ya Julai 1985. Tahadhari ya kazi: namba za ibara zilibadilishwa mwaka 2016, na 1384 ya zamani sasa ni 1242. Ukisoma hukumu ya zamani, badili namba.

Uzito wa hukumu ya Kifaransa unasomwa kwenye kichwa chake. Nani aliketi? Mkutano wa vyumba vyote, unaoitwa Assemblée plénière, ni mzito kuliko jopo dogo la majaji watatu. Imechapishwa wapi? Tangu 2021 herufi B inaonyesha imewekwa kwenye taarifa rasmi ya mahakama, na R kwamba imeingia kwenye ripoti ya mwaka. Isiyo na herufi mara nyingi haikukusudiwa kuwa na uzito nje ya kesi ile. Usiende na hukumu moja tu. Onyesha mfululizo. Mahakama ya chini inaweza kukataa kuufuata, na inajua itavunjiwa hukumu yake. Na shauri likirudishwa na Assemblée plénière, mahakama inayolipokea lazima ifuate hoja ya kisheria iliyoamuliwa.

Mahakama za katiba ni jambo tofauti, hata kwenye nchi za mfumo huu. Kongo, ibara ya 168 ya Katiba ya 2006 inayafanya maamuzi ya Mahakama ya Katiba yawafunge mamlaka zote za umma, mahakama za kiraia na za kijeshi, na watu binafsi. Ujerumani, kifungu cha 31 cha sheria ya mahakama yao ya katiba kinasema karibu hivyo hivyo. Nchi nyingine zimeweka hesabu: Mexico, hadi mageuzi ya 2021, msimamo wa mahakama yao ya juu ulifunga ukirudiwa katika hukumu tano mfululizo bila kukatizwa, Brazil tangu 2004 mahakama yao ya juu inaweza kutoa tamko fupi linalofunga mahakama zote, kwa kura za theluthi mbili ya majaji wake.

Kwa wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa mifumo yote miwili, kuna ngazi ya pembeni: Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Kwa mujibu wa ibara ya 33(2) ya Mkataba, tafsiri yake ya Mkataba inatangulia ile ya mahakama za ndani juu ya jambo kama hilo. Wachache wanaitumia. Ikiwa kesi yako inagusa forodha au uhuru wa kuvuka mpaka, itazame.

Hatua ya 9: Mbele ya kadhi

Hapa hoja ya "umefungwa na hukumu fulani" haina nyumba. Kadhi anaongozwa na Qur'ani, Sunna na vitabu vya madhehebu, na pwani yetu ni ya Shafii. Hukumu ya kadhi mwingine anaiheshimu, hafungwi nayo.

Inasimuliwa kuhusu Khalifa Umar kwamba aliletewa mirathi ya mwanamke aliyeacha mume, mama, ndugu wa mama mmoja, na ndugu wa baba na mama. Mume nusu, mama sudusi (moja ya sita), ndugu wa mama thuluthi. Mali imekwisha, na wale ndugu kamili hawakupata kitu. Baadaye shauri la namna hiyo likaja tena, nao wakalalamika: mchukulie baba yetu ni punda, je mama yetu si mmoja? Umar akawashirikisha kwenye thuluthi. Alipoulizwa mbona awali aliamua vingine, akajibu kwamba ile ni kama walivyoamua wakati ule, na hii ni kama wanavyoamua sasa. Hukumu ya kwanza haikufumuliwa, na kanuni ya mafakihi ikawa kwamba ijtihadi, yaani rai ya kisheria anayoifikia mwanachuoni kwa kufikiri mwenyewe, haivunjwi na ijtihadi iliyo mfano wake. Mashafii hufuata uamuzi wa pili.

Ila angalia ngazi. Kenya, mahakama za kadhi zimo kwenye ibara ya 170 ya Katiba, kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali. Rufaa yake huenda Mahakama Kuu, ambako jaji huketi pamoja na makadhi washauri. Kuanzia hapo mfumo wa Kiingereza unarudi na hukumu elekezi zake. Zanzibar, mambo yaliyoanzia kwa kadhi hayafiki kabisa Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Hivyo wa Mombasa aandae vitabu vya fiqhi pamoja na hukumu za Mahakama Kuu. Wa Unguja ajikite kwenye fiqhi na sheria ya mahakama ya kadhi.

Hatua ya 10: Iandike hoja yako

Panga kwa uzito, si kwa umri wala kwa umaarufu. Inayofunga itangulie. Kwa kila moja taja jina, rejea, mahakama, kiini kwa sentensi moja, na ukurasa au aya kilipo. Kisha sentensi nyingine ya kuunganisha: "Katika shauri hili pia, shahidi hakueleza ukali wa mwanga." Mbili au tatu zinatosha kwa kila hoja. Ya nje ya nchi itaje pale tu ambapo ya ndani haipo, na useme wazi kwamba ni ya kushawishi, ukieleza kwa nini sheria ya huko inafanana na yetu.

Tanzania Bara, tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, lakini hukumu nyingi za nyuma ziko kwa Kiingereza. Ukitafsiri kipande, weka na maneno ya asili chini yake. Ambayo haijachapishwa kwenye taarifa za kesi, beba nakala za kutosha kwa majaji na kwa upande wa pili, na orodha iwasilishwe mapema kama kanuni zinavyotaka.

Na ukiipata inayokupinga, itaje mwenyewe. Wakili ni ofisa wa mahakama, hana hiari katika hilo. Hata usiye wakili utanufaika: ukiitaja wewe unapata nafasi ya kueleza inapotofautiana na kesi yako, kwa maneno yako, kabla mwenzako hajasimama.